Kikundi cha Masomo Waa: Tafuteni Paa Kabla ya Mtaala

Mtoto wa Waa, Kwale, husoma mara mbili. Asubuhi huvaa yunifomu akaenda shule. Jioni na siku za wikendi huvaa kanzu na kofia, au baibui na mtandio, akaenda chuoni, yaani madrasa. Mzazi wake, hata akiwa hakumaliza darasa la nane, anaendesha ratiba mbili zisizojuana, ada mbili, na walimu wa namna mbili. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema masomo ya nyumbani ni mambo ya wazungu wa Diani, hujiuliza ni nani pwani hii aliyezoea kupanga elimu ya mtoto nje ya lango la shule kuliko mzazi wa Kidigo.

Siku hizi wapo wanaoliwaza jambo hili kwa dhati, kuanzia Ng'ombeni na Kombani hadi Tiwi na Ukunda. Kuna anayetaka mwanawe ahifadhi Kurani asubuhi, akili ikiwa bado haijachoka. Kuna mwenye mtoto asiyeshika kitu katika darasa lililofurika, lakini nyumbani, akikaa na mtu mmoja, anasoma vizuri. Kuna wanaofanya kazi za mahoteli na mashirika, leo Diani kesho Watamu, waliochoka kuhamisha watoto kila mwaka. Na kuna walioonjeshwa na mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi na madarasa mengi yasirudi hadi Januari 2021. Miezi ile iliwaonyesha baadhi ya wazazi kwamba saa tatu za meza ya nyumbani zinatosha kazi ya siku nzima. Wengine iliwaonyesha kinyume: kwamba mzazi mmoja peke yake, mwenye simu isiyo na bando na mtoto mwingine mgongoni, hafiki mbali. Hao wa pili ndio hufikiria kikundi, na wana haki.

Nina rai moja ya kuwapa. Kikundi kinachotaka kudumu Waa kisianze kwa kuchagua mtaala. Kitafute kwanza paa halali la kukaa chini yake, kisha wazazi waandikiane mkataba. Vitabu vinauzwa Ukunda na Mombasa kila siku. Paa na mkataba haviuzwi popote.

Nianze na paa, maana hapo ndipo wengi huanguka bila kujua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 30, inamtaka kila mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya au anaishi Kenya ahakikishe mtoto huyo anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoruhusiwa na Waziri. Mgeni wa Diani mwenye pasipoti ya Ulaya asidhani ameachwa nje. Kifungu cha 76 nacho kinamkataza mtu kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa. Mwaka 2019 wazazi wawili walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kutaka vifungu vinavyomfunga mzazi wa masomo ya nyumbani vitangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 Jaji Anthony Mrima alilitupa ombi lao. Hata hivyo masomo ya nyumbani yanaendelea nchini, tena hadharani. Kuna hata chama cha wazazi wa namna hiyo, East Africa Community Homeschoolers. Yapo, yanaonekana, lakini hayana leseni.

Sasa tazama jambo hili kwa jicho la chifu. Familia moja inayomsomesha mtoto mezani kwake haimsumbui mtu. Familia sita zinazokusanya watoto kumi na watatu kwenye banda, zikamlipa mwalimu, zikagonga kengele saa mbili asubuhi, hiyo machoni pa afisa wa elimu ni shule isiyosajiliwa. Ukubwa ule ule unaokifanya kikundi kiwe na maana ndio unaokifanya kionekane. Na machifu wamekwisha kuagizwa kuwafuatilia watoto wa umri wa shule wanaoshinda nyumbani. Nia njema haimzuii chifu kugonga mlango.

Zipo njia za kukaa sawa. Iliyo nyepesi ni kikundi kisichochukua nafasi ya shule: watoto wamesajiliwa na wanahudhuria, na kikundi kinafanya kazi yake Jumamosi na katika likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Wanaotaka zaidi watafute shule ya kibinafsi iliyosajiliwa, hasa zile zinazochanganya dini na masomo ya kawaida, waketi na mwenye shule, waandikiane waziwazi: watoto wetu wako kwenye sajili yako, wanahudhuria siku hizi, wanapimwa kwako, na siku nyingine wanasoma na kikundi. Patakuwa na mwenye shule atakayekataa. Atakayekubali atataka ada kamili, au karibu yake, na msibishane naye sana, maana mnamnunulia dhamana.

Lakini msimwendee mwalimu mkuu wa shule ya umma kumwomba aandike jina la mtoto asiyehudhuria. Shule ya umma hupewa fedha za serikali kwa kila kichwa, na jina hewa kwenye sajili ni kuchukua fedha ya umma kwa mtoto asiyekuwepo. Akikaguliwa, mwalimu yule ataumia kwa wema aliowafanyia.

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania shule iliyosajiliwa, na kwa miaka hii naiona kubwa kuliko sheria yenyewe. Zama za mtaala wa 8-4-4 mzazi jasiri aliweza kumfundisha mtoto nyumbani miaka mingi, kisha akamtafutia kituo cha mtihani mwishoni. Mlango ule umefungwa. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulifanywa 2023. Katika mtaala wa umilisi, alama za mtoto anapomaliza gredi ya sita hazitoki kwenye mtihani wa KPSEA peke yake: mtihani una asilimia 40, na asilimia 60 ni tathmini zinazofanywa shuleni gredi ya nne, ya tano na ya sita. Gredi ya tisa, katika KJSEA iliyofanywa mara ya kwanza 2025, mtihani una asilimia 60. KPSEA inabeba 20, na tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane zinabeba 20 nyingine. Mtoto aliyekaa nje ya shule tangu gredi ya nne haji mtihanini na upungufu wa maarifa, huenda anawashinda wenzake. Anakuja na upungufu wa alama ambazo hakuna wa kumpa tena. Na nafasi za gredi ya kumi, mahali pa kuchagua kati ya sayansi, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, hugawanywa kwa alama hizo.

Wengine hukwepa yote haya kwa kwenda kwenye mitihani ya Cambridge, ambayo mtahiniwa binafsi anaweza kuifanya. Ni njia halisi, ila ni ghali, na haimwondolei mzazi wajibu wa kifungu cha 30. Kwa familia ya mvuvi wa Waa au mpishi wa hoteli ya Diani, sioni faida ya kuizungumza sana.

Baada ya paa, watu. Hapa pwani tunao mfano wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani walimwendea Aga Khan na lalamiko: watoto wao walikuwa wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, na chekechea zilizokuwepo wazazi hawakuziamini kwa upande wa dini. Kazi ikapewa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Mwaka 1986 chekechea ya kwanza ikafunguliwa mjini Mombasa, ndani ya madrasa. Hapakujengwa shule mpya. Palichukuliwa mahali ambapo wazazi walikuwa tayari wanawapeleka watoto kwa imani, pakaongezwa masomo ya utotoni. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, mwaka 1993 Uganda. Kwale ilikuwamo. Vijiji vingi vya kusini vimelelewa na walimu waliofunzwa na kituo cha mpango huo, Madrasa Resource Centre.

Wengi wanaposimulia habari hii husifu vifaa: vifuu vya nazi vya kuhesabia, visoda, mbegu, midoli ya vitambaa, hadithi na nyimbo za Kiswahili zenye adabu ya nyumbani. Ni kweli, na walimu waliosoma mbinu za Marekani za kumwachia mtoto achague kazi yake walizitia ndani ya mkeka wa madrasa bila kumshtua ustadhi. Lakini mimi husifu kilichotangulia vifaa. Kabla mwalimu hajafunzwa palifanyika mikutano, tena mingi. Kijiji kilitakiwa kitoe chumba, kiunde kamati yenye wanawake, kichague wanawake wa hapo hapo wa kufunzwa ualimu, kisha kitie sahihi mkataba na kituo. Mafunzo na usimamizi vilikwenda kwa miaka kama miwili. Mwisho wake, waliopewa cheti cha kuhitimu hawakuwa watoto. Ilikuwa ni jamii yenyewe, baada ya kuonyesha kwamba kamati inakutana, hesabu zinasomwa na walimu wanalipwa. Jamii zilizohitimu zilisaidiwa kuweka mfuko wa akiba ili faida yake isaidie mishahara.

Masomo yalizaa matunda. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, katika utafiti uliochapishwa 2008, waliwalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, na kuona kwamba waliopita chekechea walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wa chekechea za madrasa walipiga hatua zaidi. Tatizo lilikuwa mfukoni. Mishahara ilisuasua, mwalimu aliyefunzwa vizuri akapata pengine penye malipo, na mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, wazazi wengi nchini waliona kulipia chekechea ni kujitia gharama bure, wakasubiri darasa la kwanza. Kikundi cha leo kina adui yule yule. Kila serikali inapopunguza gharama ya shule ya umma, mchango wa kikundi huonekana mzito zaidi, hata kama haujaongezwa hata shilingi.

Basi tuseme hesabu. Chukua mfano wa kubuni: familia sita, watoto kumi na watatu, siku tatu kwa wiki, chumba cha madrasa ambacho asubuhi hakina watu. Mwalimu analipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, chumba na maji 3,000, uji na vifaa 4,500, akiba 1,500. Jumla ni 24,000. Hapo ugomvi wa kwanza unazaliwa: tutoe kwa nyumba au kwa kichwa? Kwa nyumba, kila moja inatoa 4,000, na mwenye mtoto mmoja atanung'unika kimoyomoyo hadi siku atakapotoka. Kwa kichwa, mwenye watoto wanne anabeba zaidi ya 7,000, naye huenda ndiye mwenye uwezo mdogo. Mimi hupendekeza nusu kwa nusu. Nusu ya gharama igawanywe kwa nyumba, 2,000 kila moja. Nusu kwa watoto, kama 925 kila mmoja. Mwenye mtoto mmoja atoe karibu 2,925, mwenye wanne karibu 5,700. Hakuna atakayefurahi kabisa, na hiyo ni dalili kwamba mmegawana sawa.

Ugomvi wa pili ni wa msimu, na huu ni wetu wa pwani hasa. Kusi inapoanza kuvuma Aprili, bahari inachafuka na mvuvi mwenye ngalawa anashinda ufukoni. Miezi hiyo hiyo mvua za masika huondoa watalii, hoteli za Diani zinafunga vyumba na kuwapeleka wafanyakazi likizo isiyo na malipo. Muhula wa pili wa shule unaanza hapo hapo. Yaani mvuvi na mhudumu wa hoteli, ambao huenda ndio nusu ya kikundi chenu, wanakauka kwa pamoja kati ya Aprili na Juni. Kikundi kinachodai kiasi kile kile kila tarehe tano ya mwezi kitavunjika Mei. Chukueni zaidi wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, samaki wakiwapo, wageni wakiwapo na korosho zikiuzwa, mshahara wa mwalimu wa miezi mitatu ya kusi uwe umeshawekwa. Akina mama wenye vyama vya kuweka na kukopa wanaijua hesabu hii kuliko mhasibu yeyote. Mmoja wao ndiye awe mweka hazina.

Fedha zisikae kwenye simu ya mtu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua kumi, na hapo baba na mama kila mmoja ana kichwa chake, kwa hiyo hata familia tano zinatosha. Mkishajisajili kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, mna jina, katiba, na karatasi za kwenda nazo benki. Eleweni tu kwamba cheti hicho ni cha kikundi. Hakiwafanyi shule, na msikibandike ukutani kana kwamba ni cha shule.

Kuhusu masomo yenyewe nitapita haraka, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wana hofu kubwa isiyo na sababu. Watoto wa umri mbalimbali katika chumba kimoja si tatizo kwetu. Chuoni mwanafunzi mkubwa amekuwa akimshikisha mdogo alifu na bee tangu zamani, na mwalimu mmoja akawamudu wote. Hesabu na Kiingereza vinataka mwalimu anayevijua. Kusoma Kiswahili, usafi, upishi, bustani na kushona nyavu, mzazi yeyote anaweza kushika zamu.

Masomo ya nje ndiyo utajiri wa kikundi kidogo, kwa sababu watoto kumi na watatu wanaenea kwenye matatu moja. Gazi si mbali. Pale wanawake wamejenga njia ya mbao juu ya mikoko, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni unauza hewa ya ukaa iliyofungwa na hekta zaidi ya mia moja za msitu, na mapato yameingia kwenye maji na shule za vijiji hivyo. Mtoto wa gredi ya saba akilielewa hilo ameshika sayansi, jiografia na biashara kwa safari moja, na mzazi aliyeandamana naye ameona kamati ya kijiji inayotoa hesabu hadharani. Shimba Hills ina palahala, ambao hutawaona katika mbuga nyingine yoyote ya Kenya. Kwenye msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo wageni huvishwa kaniki nyeusi na wazee wakawaeleza miiko. Na Kaya Waa iko hapo hapo, ila hiyo si bustani ya kutembelea; muulizeni mzee kwanza.

Kilichobaki ni mkataba, nao usiwe wa kurasa ishirini. Uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya wote, baba na mama. Waa ina Wadigo Waislamu na ina Wakristo waliokuja kwa kazi, basi semeni mapema: je, kikundi ni cha dini, au dini inabaki nyumbani na chuoni? Yote mawili yanawezekana. Lisilowezekana ni kulinyamazia jambo hilo, halafu mwezi wa tatu mzazi mmoja agundue mwanawe anafundishwa asichokikubali. Semeni pia kwamba hakuna fimbo, maana sheria ile ile ya 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko, hata kama ustadhi wa zamani atacheka. Hakuna mtu mzima anayebaki chumbani peke yake na mtoto mmoja, hata awe mjomba. Mwalimu alete cheti cha polisi cha maadili mema kabla ya siku ya kwanza.

Andikeni zamu za wazazi kwa majina, na faini ya anayekosa zamu bila taarifa. Akina baba wawemo kwa majina, si kwa "tutasaidia". Nimeona vikundi ambavyo mama mmoja ndiye mwenye ufunguo, mwenye kupika uji, mwenye kumpigia mwalimu simu na mwenye kuwakumbusha wadaiwa. Akiugua wiki mbili, watoto wote wako nyumbani, na hapo watu hugundua hawakuwa na kikundi, walikuwa na mama huyo.

Mwisho andikeni habari ya kuondoka. Mwalimu mzuri mtampoteza kwa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, pengine Januari, kwa taarifa ya siku chache, na hamtakuwa na haki ya kumzuia; mfundisheni msaidizi tangu muhula wa kwanza. Familia inayotoka ilipe hadi mwisho wa muhula na isidai meza iliyotoa. Kikundi kikibaki na familia tatu, kikutane ndani ya wiki mbili kuamua kama kinaendelea. Kisipoendelea, iwe imeandikwa tangu mwanzo vitabu vinakwenda madrasa gani, akiba inagawanywa vipi, na kila mtoto, kwa jina lake na gredi yake, anaingia darasa gani katika shule ile mliyoandikiana nayo.